Moto Chini, Ubichi Juu

Mara ya kwanza nilipomtia samaki kwenye oveni nikamfunika kotmiri, nilimtoa akiwa amevaa majani ya chai. Wageni walikuwa wameshakaa mkekani. Shemeji yangu, mtu wa Tanga, aligusa kwa kidole ule weusi uliomtanda changu mgongoni, akaunusa, kisha akauliza kwa upole wake wote: "Huyu mmemfukiza?"

Walikula, maana ni watu wenye adabu. Lakini nilijua nimemharibu changu wa kilo moja na robo pamoja na mafungu matatu ya kotmiri kwa kosa moja tu. Nilidhani kila kinachokwenda mezani na samaki sharti kiingie motoni na samaki.

Chakula nilichokuwa nakitafuta siku ile si kigumu. Ni samaki mzima aliyepakwa viungo vikali, akaokwa mpaka ngozi ikashika rangi, kisha akitoka tu motoni akatandazwa majani mabichi yaliyokatwakatwa na kukamuliwa ndimu. Ukali umepikwa, majani hayajapikwa. Ukimega, unapata vyote viwili katika tonge moja: joto la pilipili na tangawizi kutoka chini, na ubaridi wa kotmiri na nanaa kutoka juu. Imenichukua miaka kadhaa ya Jumamosi kukielewa, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kujifunza kuacha nilichokizoea.

Nilichokizoea ni cha bibi yangu. Yeye samaki wake alikuwa wa kukaanga, na akikaanga alikaanga kwelikweli. Tasi wake ulimtafuna pezi na mkia kama bisi. Sisi wajukuu tulidhani ndivyo samaki alivyoumbwa. Nilipokuwa mtu mzima, na nina friji yangu, ndipo nikamuuliza kwa nini alikuwa anamkausha vile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hutiwa kwenye mtungi. "Mwanangu, yule alikuwa wa leo na wa kesho. Ningemwacha na maji yake, kesho mngekula nini?"

Jibu hilo linaeleza nusu ya mapishi yetu ya samaki. Ng'onda hupasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani ili akae. Vipande vya wachuuzi wa jioni hukaangwa vikakauka ili visichache hata vikilala. Mchuzi nao hupashwa asubuhi na jioni. Mikono yetu imefundishwa na samaki asiye na friji, na hofu hiyo tumeirithi hata sisi tunaonunua saa moja asubuhi na kula saa saba mchana. Tunampika samaki wa leo kana kwamba ni wa keshokutwa. Samaki wa kuoka anadai kinyume chake: atoke angali na maji yake, aliwe papo hapo, kichwa na shavu, na kisibaki kitu cha kupasha.

Kuna wanaosema oveni ni mambo ya wazungu. Sikubaliani nao. Pwani hii imeoka kwa karne nyingi kabla ya waya wa umeme kufika. Nani hajaona mkate wa kumimina ukipikwa, sufuria juu ya seredani, kifuniko cha bati kikiwa na makaa yake? Moto chini, moto juu. Wali nao hupaliwa makaa juu ili ukauke vizuri. Na samaki wa kupaka, yule anayechomwa kwenye makaa huku akipakwa tui zito lililotiwa ukwaju na pilipili, ni ndugu wa karibu kabisa wa huyu ninayemwandika leo. Kwa hiyo asiye na oveni asifunge gazeti. Sufuria pana ya chuma kizito, mchanga mkavu kidogo chini kama wafanyavyo wapika keki, sinia ndogo juu ya mchanga huo, kifuniko cha bati na makaa juu yake, vinatosha. Tofauti ni kwamba makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana ngozi ndiyo tunayoitaka ishike rangi.

Tuje kwa samaki mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo chakula hiki kinapopatia au kinapokosea, na hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Soko la Feri hapa Dar es Salaam, lile lililojengwa kwa msaada wa Japani pale Kivukoni, huamka mapema kuliko jiji. Boti zinaingia alfajiri, mnada unapigwa, wachuuzi wa rejareja wananunua kwa mafungu, na baada ya hapo ndipo sisi wa kikapu tunapata nafasi. Mama mmoja ninayenunua kwake alinikataza zamani sana kuanza na bei. "Dada, samaki haulizwi bei, anaulizwa hali." Hali yake ataisema mwenyewe. Jicho liwe limejaa na linang'aa, si lililozama likaingia ukungu. Inua kifuniko cha shavu uone matamvua: yawe mekundu, siyo ya kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama irudi, isibaki na shimo. Halafu nusa. Samaki mzuri ananuka bahari. Akinuka samaki, mwache.

Tazama na tumbo. Miaka ile uvuvi wa baruti ulipokuwa umeshamiri katika pwani yetu, ungemkuta samaki mwenye jicho zuri kabisa lakini uti wake umevunjika, nyama imekuwa laini kama uji na damu imevia ndani. Tabia ya kumkagua mgongo sijaiacha.

Msimu nao una neno. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na ngalawa ndogo hutoka. Kusi ikishika, katikati ya mwaka, mawimbi huwa makubwa, wengi hubaki ufukweni, na bei ya changu inakuchekesha kwa uchungu. Mwezi Julai mimi hununua samaki mdogo na kuongeza majani.

Kwa kuoka nampenda changu kwanza. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, na mifupa yake haina fitina. Chewa ni mzuri zaidi lakini ni mnene, anataka subira. Kolekole anafaa akiwa mdogo. Vipande vya nguru vinafaa pia ila hukauka ukigeuza kisogo. Nguru mwachie mchuzi. Ndugu zangu wa Mwanza na Kigoma wasijione wametengwa: sato mnene na kuhe wa Ziwa Tanganyika wanapokea viungo hivi bila malalamiko, ilimradi ukaze chumvi kidogo.

Tahadhari moja, na hii si ya ladha. Jodari, nguru na vibua wakikaa muda mrefu bila barafu, bakteria huzalisha histamini katika nyama yao, na hiyo haiondoki kwa kupikwa, hata ukimwoka mpaka awe mkaa. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, halafu anasema ana mzio wa samaki. Huenda samaki huyo alilala juani. Ukinunua mbali na nyumbani, nenda na ndoo yenye barafu.

Waparaji pale sokoni watakutolea magamba na matumbo kwa pesa kidogo. Waambie wasikate kichwa. Ukifika nyumbani msuuze, kisha mfute kwa kitambaa safi ndani na nje mpaka akauke. Wengi huliruka jambo hili. Samaki mwenye maji juu ya ngozi haokeki, anachemka kwa mvuke wake mwenyewe, na ngozi inatoka imelegea kama karatasi iliyonyeshewa. Mpige chale tatu au nne kila ubavu, zifike karibu na mfupa. Chale hizo ndizo mlango wa viungo, na ndizo zitakazokuonyesha baadaye kama ameiva.

Sasa pilipili. Hakuna mmea uliojifanya mwenyeji hapa haraka kama huu. Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, na Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mwaka 1498, ndio walioisambaza kwenye bandari za Bahari ya Hindi. Kabla ya hapo ukali wa jikoni ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi. Leo mwambie mtu wa Mombasa kwamba pilipili ni mgeni uone atakavyokutazama.

Mimi hutumia pilipili mbuzi, moja kwa samaki wa kilo, mbili kama shemeji hayupo. Ina harufu ya tunda ambayo pilipili kichaa haina. Kichaa ni moto mtupu. Itwange pamoja na punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba na kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi. Chumvi iingie kinuni mapema, maana chembe zake husaidia kusaga. Kisha weka kijiko cha chai cha bizari nyembamba na kimoja cha giligilani kavu, vyote vimekaangwa bila mafuta mpaka vitoe harufu, na nusu kijiko cha manjano. Malizia na vijiko vikubwa viwili vya maji mazito ya ukwaju na vitatu vya mafuta. Mafuta hayo hayapo kwa ajili ya kulainisha tu. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta na hauyeyuki katika maji, ndiyo sababu anayeungua ulimi akanywa maji huendelea kulia, na anayekunywa maziwa hupoa. Bila mafuta ukali unabaki umelundikana sehemu moja. Yakiwapo unatambaa samaki mzima.

Blenda inafanya kazi hiyo kwa nusu dakika na sitamcheka anayeitumia. Lakini kinu kinaacha vipande, na vipande hivyo vikiungua kidogo pembeni vina utamu wake.

Mpake, uingize vidole ndani ya chale na tumboni, mwache dakika 20. Hapa tena tunagombana na desturi. Kwetu samaki hulazwa kwenye ndimu saa nzima, mara nyingine tangu asubuhi. Asidi ya ndimu inaipika nyama kabla ya moto. Utaiona inageuka nyeupe na kukaza. Ukiizidisha, samaki anatoka na nyama ya ungaunga, na mpishi analaumu oveni. Ukwaju una asidi pia, kwa hiyo usimlaze humo kutwa. Ndimu yenyewe iweke kando, ina kazi yake mwishoni.

Oveni iwe imepata moto kabla samaki hajaingia, nyuzi 220 za sentigredi. Laza vipande vya kitunguu maji na nyanya chini ya samaki ili asigande kwenye trei na ili upate rojo. Kipimo kinachofaa ni dakika 10 kwa kila inchi ya unene, ukipima pale alipo mnene zaidi. Changu wa kilo, nyuma ya kichwa, ana karibu inchi mbili, basi dakika 20, pengine 25 kama oveni yako ni kama yangu, ambayo kitufe chake cha moto kimefutika namba na huendeshwa kwa imani. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 63 katikati. Asiyenacho avute pezi la mgongoni: likitoka bila ubishi, ameiva. Au achungulie ndani ya chale. Nyama ikiachia mfupa na kupoteza ule ung'avu wa kioo, mtoe. Mtoe hata kama moyo unakuambia umwongeze tano. Hizo tano ni za bibi, za wakati wa kukosa friji.

Wakati yumo ndani ndipo majani yanapoandaliwa, si kabla, maana kotmiri iliyokatwa ikakaa hunyauka na kupoteza harufu.

Mmea huu una bahati ya majina. Watu wa Unguja na Dar es Salaam wanayaita majani yake kotmiri, na mbegu zake zilizokauka giligilani, hata wapo wanaodhani ni mimea miwili. Ukivuka Horohoro ukaingia Kenya, majani yenyewe yanaitwa dania. Kotmiri na dania yote mawili ni majina yaliyokuja na watu wa Bara Hindi. Na wapo wasiouweza kabisa. Binamu yangu husema kotmiri ina ladha ya sabuni, na kwa miaka mingi tulimwona ana madaha. Kumbe huenda hana kosa: mwaka 2012 watafiti waliihusisha ladha hiyo ya sabuni na tofauti katika eneo lenye jeni za kunusa, mojawapo ikiitwa OR6A2, inayohisi aldehaidi, zile kemikali zinazoyapa majani hayo harufu yake. Tangu nisome hayo namwekea bakuli lake la nanaa na kitunguu kibichi, na nimeacha kumsema.

Aldehaidi hizohizo ndizo zilizonitia aibu mbele ya wageni. Ni harufu nyepesi, hupeperuka kwa joto. Kotmiri ya dakika 20 ndani ya nyuzi 220 haina kitu ilichobakiza zaidi ya rangi mbaya. Mbegu ni habari nyingine. Zenyewe zinautaka moto, ndipo zifunguke. Mmea mmoja, nusu yake huingia oveni na nusu husubiri nje.

Kwa samaki wa kilo nachukua mafungu mawili ya kotmiri na nusu fungu la nanaa. Yaoshwe mara tatu kwa maji safi, kwa sababu yanaliwa mabichi na mabustani mengi ya mjini humwagiliwa maji ambayo usingependa kuyajua. Yakung'utwe ndani ya kitambaa mpaka yakauke. Kisu kiwe kikali. Kisu butu huyaponda, yakalia maji ya kijani ubaoni. Mabua laini ya kotmiri usiyatupe, yana harufu kuliko majani. Kitunguu maji kidogo kikatwe vipande vidogo sana, kiminywe kwa chumvi, kisuuzwe. Pilipili mbichi ya kijani moja. Kisha kiganja cha korosho zilizokaangwa, zimepondwapondwa.

Wazo la korosho hizo nililiiba. Huko Tripoli ya Lebanoni wana samaki wao wanayemwita samke harra, yaani samaki mkali, anayepikwa kwa kotmiri nyingi, kitunguu saumu, pilipili, rojo la ufuta na jozi. Jozi kwetu ni bei ya dawa. Korosho za Mtwara na Lindi zipo, nazo zina mafuta matamu yanayoushika ule ukali bila kuuzima. Mmakonde rafiki yangu alipoonja alisema Walebanoni wamechelewa.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Kuna samaki maarufu wa Waparsi, jamii ya Kihindi iliyoishi Zanzibar tangu karne ya 19 na ndiko alikotoka mwanamuziki Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946. Wao humfunika samaki kwa chatini ya kotmiri, nazi na pilipili mbichi, wakamfunga ndani ya jani la mgomba na kumpika kwa mvuke. Hiyo ni kotmiri iliyoingia motoni na ikabaki na heshima yake, kwa kuwa jani limeifunika na nazi imeilinda. Basi sheria yangu ina mlango wa nyuma. Lakini katika moto mkavu wa oveni, samaki akiwa uchi, sheria inasimama.

Samaki akitoka, usimguse kwa dakika tano. Acha maji yake yatulie. Mhamishie kwenye sinia pamoja na kitunguu na nyanya za chini, mwagia rojo la trei, kisha tandaza majani kwa mkono, mengi, mpaka ubavu usionekane. Hili si pambo la hotelini la vijani vitatu. Ndimu nzima ikamuliwe juu ya yote mbele ya walaji. Harufu itakayopanda wakati ndimu na ubichi vinakutana na ngozi ya moto ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Wali mweupe unamfaa, wa nazi kidogo tu, kwani tui zito litamfunika. Mkate wa ajemi unafaa zaidi, wa kuchovya lile rojo. Mihogo ya kuchemsha nayo. Ugali wa dona sijaupinga, ila sijaona ukishinda. Wageni wakiwa wanne, kilo moja na robo inatosha, na mgomvi wa shavu hatakosekana. Kwetu shavu hupewa aliyekwenda sokoni.

Shemeji wa Tanga alirudi mwaka jana. Nilimwekea changu wa ukubwa uleule, majani mabichi juu. Alikula kimya, akageuza upande wa pili, akala kimya. Alipofika kwenye uti aliuliza kama kotmiri imebaki jikoni.

Anayetaka kujaribu wikendi hii aende sokoni mapema. Saa mbili asubuhi changu wa jicho zuri huwa wameshapata wenyewe.